Frances Marion: mwanamama aliyeandika Hollywood tangu enzi za sinema za kimya, akabeba Oscar mbili, halafu akaondoka mwenyewe

mchapakalamu:

Wakuu habari zenu. Humu jukwaani tukianza kupiga stori za Hollywood ya zamani majina ni yale yale, Griffith, Chaplin, DeMille na mastaa wao. Waandishi hatuwagusi, na waandishi wanawake ndo kabisaa, wakati enzi zile za sinema za kimya wanawake walikuwa wengi sana kwenye kazi ya kuandika kuliko ilivyokuja kuwa baadaye. Leo nataka tumzungumzie mmoja tu, ila kwa kirefu, anaitwa Frances Marion.

Kwa wasiomjua, huyu mama ana skripti zaidi ya 100 zilizotengenezwa zikawa sinema, kaanza miaka ya 1910 kaja kuachana na studio 1946. Kawaandikia mastaa wa enzi hizo, Mary Pickford, Rudolph Valentino, Lillian Gish, Greta Garbo. Ni mwanamke wa kwanza kuchukua Oscar ambayo sio ya uigizaji, na ni mtu wa kwanza kabisa, uchanganye wanaume na wanawake wote, kuchukua Oscar mbili za uandishi. Nimemfuatilia muda mrefu, na jambo langu naliweka mezani mapema: watu husema alikuwa na kipaji, sawa, kipaji alikuwa nacho, ila mimi naona kilichompa nguvu ni kwamba aliijua kazi nzima ya sinema kuanzia kalamu mpaka mkasi wa kukatia filamu. Na siku studio zilipoanza kuigawa kazi ya kuandika vipande vipande nguvu ikaanza kumtoka.

Twende sasa.

Kazaliwa San Francisco tarehe 18 Novemba 1888, jina la nyumbani Marion Benson Owens. Kwao walikuwa na uwezo. Akiwa na miaka 12 akafukuzwa shule kwa kosa la kumchora mwalimu kikatuni, na hiyo ya kuchora ishike maana ndo ilikuwa kazi aliyoitaka, akaenda chuo cha sanaa cha Mark Hopkins palepale mjini. Aprili 1906 likaja lile tetemeko kubwa la San Francisco na moto wake, chuo kikaungua. Mwaka huohuo akaolewa akiwa hajafika hata miaka 18, ndoa haikudumu, akaolewa tena 1911, nayo ikafa. Katikati ya hayo kafanya kila kazi, msaidizi wa mpiga picha maarufu Arnold Genthe, mchoraji wa matangazo, mwandishi wa gazeti.

Kwenye gazeti ndo kuna kisa ambacho nitakirudia huko chini. Alitumwa kumhoji Marie Dressler, mwigizaji mkubwa wa jukwaani wakati ule, na Dressler alikuwa hataki hata kulisikia hilo gazeti. Frances mwenyewe alisimulia kwamba Dressler alipoona huyu binti anaweza kupoteza kibarua akamwonea huruma, akakaa naye chini akampa mahojiano. Marie Dressler, mkariri hilo jina.

Los Angeles alifika kwenye 1912 kuchora mabango ya jumba la maigizo. Mwaka 1914 akakutana na Lois Weber, mwanamke dairekta (ndio, 1914, mwanamke anaongoza sinema na ana timu yake), Weber akamchukua kwenye studio ya Bosworth na ndiye aliyempa jina la Frances Marion. Pale hakuwa na cheo. Siku moja anaigiza nyuma ya staa, kesho yake anapaka rangi seti, keshokutwa yuko chumba cha kukatia filamu. Na inasimuliwa kwamba moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwaandikia maneno wale waigizaji wa pembeni wanaopita pita nyuma, sinema haina sauti lakini walikuwepo watazamaji wanaojua kusoma midomo, wakawa wanaandika barua kulalamika kwamba kwenye scene ya huzuni mtu wa nyuma anaongelea vitu vingine kabisa. Kwa hiyo huyu binti kaanza uandishi kwa kuandika maneno ambayo hakuna masikio yatakayoyasikia.

Nanywa chai narudi.

kamera_moja:

Mkuu shusha nondo, nimeweka kambi. Ila swali la haraka, kama sinema haina sauti mwandishi alikuwa anaandika nini hasa? Si dairekta anawaambia tu fanyeni hivi na hivi?

dada_wa_reli:

Uzi mzuri huu. Niongezee kidogo hapo kwa wanawake, hakuwa peke yake. Anita Loos alikuwa anamuuzia Griffith stori tangu 1912, Jeanie MacPherson ndo kalamu ya DeMille miaka na miaka, halafu June Mathis ndo aliyeng'ang'ania Valentino apewe nafasi kwenye The Four Horsemen of the Apocalypse ya 1921. Valentino tunayemjua katoka kwenye mkono wa mwandishi mwanamke. Endelea kaka.

mchapakalamu:

Asante sana dada, June Mathis anastahili uzi wake, huyo alifariki mapema mno, 1927.

Kamera_moja swali lako ndo penyewe. Mwanzoni kabisa, kwenye zile filamu fupi za dakika kumi na kitu, uko sahihi, mtu alikuwa anaweza kwenda na wazo kwenye karatasi moja. Lakini kufika 1915 sinema zimeshakuwa za saa nzima, kuna seti za kujenga, kuna mastaa wanaolipwa kwa wiki, huwezi kwenda kienyeji. Mwandishi alikuwa anaandika picha kwa picha: nani anaingia, kutokea wapi, mkononi kashika nini, kamera iko karibu au mbali, halafu yale maandishi yanayotokea kwenye skrini katikati ya matukio. Na ugumu wake ni kwamba huwezi kuandika "akamkumbuka marehemu mama yake" ukaachia hapo. Atakumbukaje, tutaona nini? Lazima utafute kitu cha macho. Sasa chukua mtu aliyesomea uchoraji, kashika kamera kwa Genthe, kakaa chumba cha kukata filamu, umpe hiyo kazi. Ndo maana alipaa.

Tuendelee. 1915 akaandika stori inaitwa The Foundling kwa ajili ya Mary Pickford, ikanunuliwa kwa dola 125 na Adolph Zukor, bosi wa studio. Ikapigwa New York, Frances akafunga safari kutoka Los Angeles kwenda kuiona ikizinduliwa. Moto ukawaka studio, negativu ikateketea kabla hata kopi hazijatolewa. (Ilipigwa upya baadaye ikatoka 1916.) Yuko New York, kazi yake ya kwanza kubwa imekuwa majivu, na hana ajira.

Alichofanya hapo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Akaenda kampuni ya World Films, bosi wake William Brady, akamwambia nijaribu wiki mbili bila malipo. Halafu hakukaa chini kuandika kitu kipya, akaenda stoo. Akaomba aone zile sinema zilizoshindikana, zile ambazo kampuni imetupa kapuni maana haziuziki. Akakuta moja ya huzuni kaigiza Alice Brady, binti wa bosi mwenyewe, mbaya kiasi kwamba watu wangeicheka. Frances akasema basi wacheke kwa makusudi. Akaandika mwanzo mpya na mwisho mpya, vipande hivyo vikapigwa na kuunganishwa, ile huzuni ya uongo ikageuka kichekesho, ikauzwa dola 9,000. Brady akampa mkataba wa dola 200 kwa wiki, na si muda mrefu akawa mkuu wa idara ya uandishi pale.

Jamani tuliangalie hilo vizuri. Mtu hajaambiwa na yeyote kwamba sinema iliyokufa inafufuka kwa kubadilisha vichwa na mikia, kaliona mwenyewe kwa sababu alishakaa na mkasi mkononi kwa Lois Weber. Mwandishi anayekaa nyumbani tu asingeliona.

babu_wa_VHS:

Mkuu samahani, niwe wazi, mimi naona kama Pickford ndo alimbeba. Pickford alikuwa staa mkubwa kuliko wote, ukiwa rafiki yake lazima utoboe.

mchapakalamu:

Mzee wangu hoja yako nzito, tuichambue. Urafiki wao ulikuwa wa kweli na ulidumu, na Pickford alikuwa na sauti ya kuchagua nani amwandikie. Lakini hiyo ya World Films kaipata bila Pickford. Halafu angalia ilivyokuwa kwenye The Poor Little Rich Girl ya 1917. Pickford ana miaka 24 anaigiza mtoto wa miaka 11, wakatengeneza fenicha kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo. Dairekta ni Maurice Tourneur, Mfaransa, mtu wa picha nzuri zenye utulivu. Frances na Mary wakawa wanaingiza vituko vya kitoto, kurushiana matope na kadhalika, Tourneur hataki, haviko kwenye kitabu wala mchezo wa jukwaani. Ilipoisha wakubwa wa studio wakaitazama kimya bila kucheka, wakaona imeharibika. Pickford akabanwa mpaka akajishusha kwa maandishi na kupelekwa kwa dairekta DeMille akanyooshwe, na Frances akaamini kamponza rafiki yake.

Ikaingia kumbi za sinema, watu wakaipenda kupita maelezo, na walichokuwa wanakicheka ni yale matope. Baada ya hapo ndo studio ya Famous Players-Lasky wakampa Frances mkataba wa dola 50,000 kwa mwaka kama mwandishi rasmi wa Pickford. Zikafuata Rebecca of Sunnybrook Farm, A Little Princess, Stella Maris, Pollyanna. Sasa mzee nani kambeba nani? Mimi naona walibebana. Yule mtoto mtukutu mwenye moyo ambaye dunia ilimpenda, nusu yake ni sura ya Mary na nusu ni kalamu ya Frances.

Na Stella Maris (1918) naomba muitafute, iko mtandaoni. Humo Pickford anaigiza watu wawili, Stella, binti tajiri mgonjwa aliyefichwa ubaya wote wa dunia, na Unity Blake, yatima aliyenyong'onyea, bega moja limepanda, nywele zimebanwa kichwani, macho ya mtu aliyezoea kupigwa. Kuna watu walioiona wakati ule hawakuamini kwamba Unity ni Pickford. Wote wawili wanampenda mwanaume mmoja, na yeye kafungwa kwenye ndoa na mke katili. Sitasema mwisho, ila anayeamua hatima ya wote ni Unity, yule ambaye hakuna anayemtazama. Staa anayependwa Marekani nzima, halafu mwandishi anampa sura ya kuchukiza na anamkabidhi uzito wote wa stori. Studio nyingi leo zisingethubutu.

kamera_moja:

Duh. Naitafuta usiku huu. Vipi maisha yake mengine, alikuja kupata ndoa iliyotulia?

mchapakalamu:

Alipata, na hii sehemu inauma.

Mwaka 1918 kaacha pesa zote zile kaenda Ufaransa vitani kama mwandishi wa habari, kazi yake kurekodi mchango wa wanawake kwenye vita, manesi, madereva na wengine. Kabla ya hapo alishakutana na Fred Thomson, mchungaji wa jeshi, Mpresbiteri, na ni mwanariadha aliyekuwa bingwa wa Marekani mara tatu. Wakaoana 1919. Fred alipanga kuendelea na utumishi lakini akajikuta anaingia kwenye sinema, akawa cowboy, na katikati ya miaka ya 1920 alikuwa mmoja wa mastaa wakubwa kabisa wa western, yeye na farasi wake Silver King. Watoto walikuwa wanampenda kwa sababu alikuwa hapendi kuua watu kwenye sinema zake, anashinda kwa akili na mbio. Frances alikuwa anamsaidia kuandika, ila kwa jina la kiume, Frank M. Clifton. Mwanamke anayelipwa kuliko karibu kila mwandishi mjini, kwenye sinema za cowboy za mumewe anajificha nyuma ya Frank.

Hapohapo katikati yeye mwenyewe aliongoza sinema, The Love Light ya 1921 aliyoigiza Pickford ni yake, kaandika na kuongoza. Hakukaa sana kwenye udairekta, akarudi kwenye kalamu, na miaka hiyo kaandika vitu vizito mno: Stella Dallas, The Son of the Sheik ambayo ndo ya mwisho ya Valentino, The Winning of Barbara Worth iliyomtoa Gary Cooper, The Scarlet Letter na The Wind za Lillian Gish. Hiyo The Wind walipiga jangwani Mojave, joto la kuua, mchanga unapeperushwa na propela za ndege.

Desemba 1928 Fred akakanyaga msumari. Madaktari walidhani ni matatizo ya figo, kumbe ni pepopunda. Akafariki siku ya Krismasi, miaka 38. Frances kabaki na watoto wawili wadogo wa kiume.

Miezi hiyohiyo sauti ndo inaingia Hollywood na mastaa na waandishi wengi wa sinema za kimya wanapotea. Yeye ana msiba nyumbani, na kazini kila alichokijua kinabadilika.

dada_wa_reli:

Hapo kwa Fred nimesimama kidogo. Pole yake. Na kutoka hapo ndo akaenda kuchukua Oscar?

mchapakalamu:

Ndio dada. 1930 akaolewa na dairekta George Hill, na wakafanya pamoja The Big House, stori ya gereza. Mwaka 1929 magereza kadhaa ya Marekani yalikuwa yamelipuka kwa ghasia, msongamano ulikuwa umepita kiasi. Frances hakutaka kuandika gereza la kufikirika, akaenda San Quentin kulitembelea akaliona mwenyewe. Na ukiitazama unajua kaona. Kijana wa familia nzuri kaua mtu kwa gari akiwa amelewa, anapokelewa, anavuliwa nguo zake, anapimwa, anapewa namba, halafu anasukumwa kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wachache na ndani kuna jambazi na muuaji. Msimamizi wa gereza mwenyewe anakiri kwamba kujaza watu hivi ni kutengeneza wahalifu. Na kwa sababu kaandika enzi za kimya alijua sauti iingie wapi. Zile buti za wafungwa wanaotembea kwa mstari, vyombo vya chakula vinavyogongwa, halafu kimya. Sinema nyingi za sauti za mwaka ule watu wamesimama karibu na maiki wanaongea tu.

Kitu kingine cha kitaalamu hapa kwa wanaoandika. Kwenye toleo la kwanza mfungwa mmoja, Morgan, anatoroka na kumpenda mke wa yule kijana. Walipoionyesha kwa watazamaji wa majaribio watu wakachukia, wakamwona Morgan hana utu. Basi yule mwanamke akabadilishwa akawa dada wa kijana badala ya mke, wakapiga upya baadhi ya sehemu, na ghafla Morgan akapendwa. Uhusiano mmoja tu umeguswa, sinema nzima ikakaa sawa. Ni akili ileile ya World Films 1915.

Novemba 1930 akapewa Oscar ya uandishi. Ya pili alipewa 1932 kwa stori ya The Champ, bondia mlevi aliyewahi kuwa bingwa na mwanae mdogo anayemwamini bila kuchoka, wako Tijuana. Kuhusu lile sanamu lenyewe la Oscar alisema linafaa kabisa kuwa alama ya biashara ya sinema, mwili wa mwanariadha wenye nguvu, kashika upanga, halafu nusu ya kichwa, ile inayobeba ubongo, imekatwa.

babu_wa_VHS:

Kumbe The Champ ni yake!! Mimi niliiona ile ya 1979 ya Jon Voight kwenye kanda, mtoto anavyolia mwishoni chumbani kwa baba yake tulilia sebule nzima na wageni. Sikujua kama kuna ya zamani.

mchapakalamu:

Ndiyo mzee, hiyo ya 1979 ni marudio, stori asili ni ya Frances, ya 1931 kaigiza Wallace Beery na mtoto Jackie Cooper. Hiyo scene uliyolia ya 1979 wanasaikolojia wameitumia sana kwenye tafiti zao wakitaka kumhuzunisha mtu kwa muda mfupi. Mfupa wa ile huzuni kauweka mwanamke huyu.

Sasa turudi kwa Marie Dressler, nilisema mkariri.

Miaka ya 1920 inaelekea mwisho Dressler kasahaulika. Kapita miaka 55, mwili mkubwa, sura haikuwahi kuwa ya urembo, simu hazipigwi. Frances kusikia hivyo akamkumbuka yule mama aliyemwokoa kazini San Francisco. Hakumtumia hela ya kula, akamwandikia sinema. The Callahans and the Murphys ya 1927, ikaleta balaa maana Wamarekani wenye asili ya Ireland waliona wanadhalilishwa, studio yake, MGM, wakaiondoa kumbini. Frances hakukata tamaa. Ilipofika Anna Christie 1930, sinema ya kwanza ya Garbo kuongea, dunia nzima inasubiri sauti ya Garbo, akapigania Dressler apewe nafasi ya mlevi wa bandarini, na Dressler akaondoka na scene zake.

Halafu ikaja Min and Bill mwaka huohuo, na hapa kuna wema mwingine ndani yake. Kulikuwa na mwandishi kutoka Scotland, Lorna Moon, rafiki yake, yuko kitandani na kifua kikuu, pesa hana. Frances akahakikisha MGM wananunua kitabu chake, kitabu cha giza ambacho MGM wasingekigusa kwa hali ya kawaida, halafu akakigeuza kuwa sinema ya Dressler na Beery bandarini. Lorna Moon alifariki Mei 1930 kabla sinema haijatoka. Dressler akachukua Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 63, na 1932 na 1933 akawa ndiye anayeingiza watu wengi kumbini kuliko staa yeyote Marekani, kuwapita wasichana warembo wote. Alifariki 1934 kwa saratani, lakini kafa akiwa juu.

Hizo simu za kumwombea mtu nafasi hazimo kwenye orodha za kazi za Frances. Kwangu mimi zimo kwenye kazi yake.

kalamu_ya_usiku:

Naomba nichangie nikiwa mwandishi. Mimi naandika skripti za tamthilia hapa mjini. Kuna prodyuza, simtaji, nilimpelekea vipindi, akampa mtu mwingine abadilishe bila kuniambia, kimerushwa hewani sikitambui na jina langu halipo. Nikisoma huyu mama alivyokuwa na nguvu natamani kujua aliwezaje, maana mimi hata mlangoni siruhusiwi siku ya kurekodi.

mchapakalamu:

Pole sana ndugu yangu, na ujue kwamba hicho kilichokupata kilimkuta hata yeye. Ndipo nilipokuwa naelekea.

MGM chini ya Irving Thalberg waandishi walilipwa vizuri sana, Thalberg aliheshimu stori na alimheshimu Frances. Ila huyohuyo Thalberg ndiye aliyezoea kuwapa skripti moja waandishi wawili watatu kwa wakati mmoja bila wao kujua, halafu anachagua vipande. Mwandishi akawa fundi wa sehemu. Huyu wa stori, yule wa maneno, mwingine anaitwa kuongeza vichekesho. Machi 1933 studio zikakata mishahara kwa nusu kwa kisingizio cha hali ngumu ya uchumi, na mwezi uliofuata waandishi wakaunda chama chao, Screen Writers Guild, rais John Howard Lawson, makamu wa rais Frances Marion. Mwandishi wa daraja lake hakuwa na shida ya hela, angeweza kukaa pembeni, lakini akaweka jina lake mbele kwa ajili ya wadogo. Na moja ya vita vikubwa vya chama ilikuwa ndo hiyo yako, nani ana haki ya kuamua jina la nani liandikwe kwenye skrini. Ilichukua miaka mpaka studio zikawatambua.

Kwake mambo yaliendelea kuwa mazito. Ndoa na Hill ilivunjika 1933, Hill akajiua Agosti 1934. Wiki mbili hivi kabla Dressler naye alikuwa kafariki. 1936 Thalberg akafariki na miaka 37. Frances akaendelea MGM mpaka 1946, lakini skripti zake zinapita mikono mingi, anasawazisha za wengine na wengine wanasawazisha zake. Alisema kuandika skripti kumekuwa kama kuandika kwenye mchanga huku upepo unavuma. Zamani alikuwa anaandika, anakuwepo seti, anashauriana na Mary, anaingia chumba cha kukatia. Wakamwachia karatasi tu.

Akaondoka. Alishaandika kitabu cha kufundisha uandishi wa skripti 1937 na akafundisha chuo kikuu cha Southern California, akarudi kwenye kuchonga sanamu na kuchora, akaandika riwaya, na 1972 akatoa kitabu cha maisha yake. Alifariki Los Angeles tarehe 12 Mei 1973, miaka 84.

Kwa hiyo kalamu_ya_usiku ukiniuliza aliwezaje, nadhani alijifunza kazi za wengine kabla hawajamfungia mlango. Jifunze kuedit. Omba kukaa seti hata kama ni kubeba nyaya, mjue bajeti inavyoliwa. Na mtafutane waandishi mkae pamoja, maana hata Oscar mbili hazikumpa Frances uwezo wa kupigana peke yake.

kalamu_ya_usiku:

Nimekuelewa kaka. Hiyo ya kuedit naianza wikendi hii, kuna dogo ana laptop nzuri.

dada_wa_reli:

Swali langu la mwisho, sinema zenyewe tunazipata wapi na tuanze na ipi? Mimi mvumilivu kwa sinema za kimya ila wengine humu najua watalala.

mchapakalamu:

Dada nyingi hazipo tena, sinema nyingi za kimya za Marekani zimepotea kabisa, filamu zilikuwa zinaungua au zinatupwa. The Callahans and the Murphys haijulikani ilipo, na karibu kazi zote za Fred Thomson zimeondoka naye.

Kwa wasiopenda kimya anzeni na The Big House, haifiki saa moja na nusu. Baada ya hapo Min and Bill, halafu Dinner at Eight ya 1933 ambayo kaandika na Herman Mankiewicz, muone Dressler na Jean Harlow mwishoni wanavyoelekea mezani. Wavumilivu kama wewe anzeni na Stella Maris. Na ukimaliza Stella Maris uiweke Min and Bill usiku unaofuata bila kuchelewa, umtazame Unity halafu umtazame Min pale gatini dakika za mwisho, binti aliyemlea anaondoka na meli na yeye anajua hatamfuata. Zimepishana miaka 12, moja haina sauti nyingine inayo, vitabu viwili tofauti vya watu wawili tofauti, lakini mwanamke anayebaki nyuma ni yuleyule. Nataka kusikia kama na wewe utamwona.